Okidi Bila Bahasha

Niliondoka nyumbani Nguba, mtaa wa Bukavu, kwa sababu ya barua. Kaka yangu Deo alikimbia vita bila sisi kujua alikoelekea. Posta ya Bukavu ilikuwa imekufa zamani, na kwa miaka miwili hatukusikia neno. Kisha muuza samaki mmoja akatuletea ujumbe kutoka Kamanyola. Papa Fidele, rafiki wa baba aishiye huko na mwenye sanduku la posta Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, amepokea barua ya Deo, na hataki kuipitisha mikononi mwa watu. Mmoja wetu aifuate.

Wazee hao wawili wamekusanya stempu za maua ya okidi tangu ujana wao. Baba alinipa chache za kubadilishana.

"Uangalie stempu," akasema.

"Adresi," maman akamkatiza. "Uangalie adresi, binti yangu. Tumujibu."

Saa moja asubuhi lori lilitoka soko la Kadutu, nami juu ya magunia matupu.

Kwenye miteremko ya Ngomo kulikuwa na kizuizi. Askari alifungua kifurushi changu.

"Hii ni franga ya wapi?"

"Si franga, afande. Ni stempu. Maua."

"Watu banakufa, nanyi munabeba maua?" Akailamba moja, akaibandika kwenye kitako cha bunduki yake. "Mupite."

Alasiri, Kamanyola, joto likiwaka. Papa Fidele alinilisha sombe, majani ya muhogo, kisha akafungua kitabu kinene. Kati ya kurasa palikuwa na karatasi moja na stempu iliyokauka vizuri.

"Nimeibandua na maji ya moto. Hata jino moja ya pembeni yake haikuvunjika."

Nikasoma. Deo yuko salama, anaosha vyombo hotelini. *Adresi iko nyuma ya bahasha. Andikeni haraka, mwezi wa tatu nitahama.*

"Bahasha iko wapi, papa?"

Alitazama mikono yake. "Siku zote tunazitupaka, miye na baba yako. Hii tuliwasha nayo makala ya jiko hapa."

Stempu yenyewe ilitolewa na nchi mbili kwa pamoja, kwa ajili ya maonyesho ya okidi, nayo ilibeba majina yote mawili: nchi moja ya Ulaya, nyingine ya Asia. Mhuri wa posta, ambao ungetaja mji, ulikuwa umegusa pembe tu, mstari mweusi usio na herufi.

"Ndiyo maana iko safi hivi," Papa Fidele akanong'ona, kisha akafunika mdomo.

Kesho yake nilirudi. Baba alichukua lenzi, akauchungulia ule mstari mpaka machozi yakamtoka.

"Mutoto wangu iko wapi, iko fasi gani?" maman akamuuliza baba. Baba akaifuta lenzi, akachungulia tena.

Nilijifunza hili: nyumbani kwetu tulipenda ua la barua kuliko aliyeituma. Albamu zimejaa okidi, na hakuna hata jina moja la mtu.

Mwezi wa tatu ulipokaribia, maman aliandika bahasha: jina la Deo, na chini yake nchi zote mbili. Hakuna posta inayoweza kuipeleka bila adresi. Baba ameiweka ndani ya albamu, mahali alipokuwa ameitengea ile okidi.