Mahari pa Kurara

Ofisi ilikuwa ndani ya nyumba ya kawaida mtaani Kahawa Sukari, ghorofa ya juu. Sebule ilijaa kompyuta, na chumba kimoja cha kulala kilikuwa kimebandikwa magodoro membamba ukutani ili kelele za nje zisiingie. Humo mlikuwa na kiti, maikrofoni na mimi.

Walikuwa wanatengeneza programu ya simu inayosikia Kiswahili. Unaiambia unachotaka, inakutafutia. Lakini ilikuwa haijajua kusikia, kwa hivyo tuliitwa vijana kadhaa tuisomee sentensi. Mimi niliishia darasa la nane na sipendi kuongea mbele ya watu. Kusoma peke yangu chumbani niliona naweza. Kule kwetu Gatuanyaga kazi iliyoningoja ilikuwa ya kuchimba mawe, na hawa walisema kwamba baada ya kutuchuja, mmoja wetu ataajiriwa kabisa.

Sentensi ya kwanza ilikuwa: Nitafutie mahali pa kulala. Niliisoma polepole nisikosee.

Kicheko kikaniingia masikioni kupitia hedifoni. Dada aliyetusimamia, aliyekuwa sebuleni, alikuwa amesahau kuzima maiki yake.

"Mahari pa kurara!" aliwaambia wenzake. "Jamaa anatafuta mahari!"

"Si ni wa Gatuanyaga?" mwanamume mmoja akajibu. "Mbuzi anao. Oaneni."

Kisha dada akaniambia kwa sauti ya upole, "Iko sawa kabisa. Endelea hivyo hivyo."

Kwetu herufi l ni mgeni. Cucu, mama ya baba yangu, ndiye aliyenilea, na yeye husema anarara, anakura, anaripa. Hakuna mtu aliyewahi kushindwa kumwelewa. Mpaka siku ile sikuwa nimejisikia.

Wakaanza kutupunguza. Msichana kutoka Kimbo aliyesoma kama mtangazaji wa redio aliambiwa asirudi. Aliyekuwa mwalimu wa shule ya chekechea akamfuata. Mimi nikabaki. "Hakuna mwingine kama wewe," dada aliniambia, nami nikaamini. Nikafikiri, kama wananitaka na ulimi huu, nikiunyoosha si watanipa kazi leo leo?

Jumapili baada ya kanisa nilikuwa napeleka mbuzi wa cucu mbali na nyumba za watu, nafanya mazoezi. Lala. Lima. Lipa. Ulimi unaugusisha nyuma ya meno, unautuliza hapo; ukichezacheza kidogo tu, r inaponyoka. Mbuzi waliniangalia wakitafuna. Ilichukua muda mrefu, na taya ziliuma, lakini Jumatatu moja niliingia chumbani nikasoma ukurasa mzima bila kuteleza. Nilitoka nikitabasamu. Mimi, ambaye hutoka nikiangalia viatu.

Hakuna aliyecheka. Dada alisikiliza, akarudisha nyuma, akasikiliza tena.

"Hii ni nini?"

"Nimejifunza," nikasema.

"Nani alikutuma?"

Yule mwanamume aligeuza kiti chake. "Buda, umetuharibia. Wa kuongea vizuri tunao mpaka tunawafukuza. Wewe tulikuweka ili mashine ijue makosa ya watu wa huku."

"Rudi ndani," dada akasema. "Ongea vile ulikuwa unaongea."

Nikarudi. Nitafutie mahari pa kurara. Nikasema tena. Kila mara r ilikuja kubwa mno, kama mtu anayemchokoza mwenzake. Nilikuwa nimewasikia wakinicheka vile, na sasa hicho ndicho kilichotoka.

"Hapana," dada akasema masikioni mwangu. "Unaigiza. Mashine haidanganywi."

Nilichukua sweta yangu. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Ngoja kwanza. Kwenu hakuna mtu anaongea vile ulikuwa unaongea? Hata mzee. Tutamtumia gari."

"Mzee ndiyo poa zaidi," mwanamume akasema, na tayari alikuwa ameanza kucheka.

Nikamwona cucu kwenye kile kiti, kitambaa chake cha kanisa kikibanwa na hedifoni, akirudia anachoambiwa kwa makini yake yote. Na ile sauti ya upole ikimwambia iko sawa kabisa, endelea hivyo hivyo.

"Walikufa," nikasema. "Wote walikufa."

L ilitoka safi, mara zote mbili.