Ugomvi wa Santuri Ndogo

Nilisikia mtandao kabla sijauona. Nilikuwa nimesimama kwa fundi wa nguo mjini Kitale, nikingoja suruali yangu ipunguzwe, mara nyuma ya pazia kukatoka mlio: kwanza filimbi nyembamba, kisha mkoromo, kisha kitu kama paka wawili waliofungiwa ndani ya debe. Fundi hakuinua hata kichwa. Mimi nilisimama wima. Mpenzi wa jazi ana ugonjwa huu wa kusikia saksafoni kila mahali, kwenye bawaba za geti, kwenye koo la jogoo mgonjwa, na siku hiyo niliamini kuwa nyuma ya lile pazia kuna mtu anaipasha moto ala yake. Nilipolifunua nikakuta kompyuta tatu, feni moja, na bwana aliyeshika tama akiusubiri mtandao uitike.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo mwanzo ya elfu mbili, na hapo ndipo nilipojiunga na ukumbi. Ulikuwa ukumbi wa mtandaoni wa wapenzi wa jazi wa upande wetu, Kitale na Bungoma, pamoja na wachache waliokwenda ng'ambo wakaacha masikio yao nyumbani. Tulipenda jazi ya Wamarekani iliyotufikia kwa redio, na tulipenda bendi zetu za zamani za magitaa na saksafoni, ambazo nyingi zilijiita jazi bila kumwomba mtu ruhusa. Baada ya miezi michache nilifanywa msimamizi, si kwa hekima yoyote, bali kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyejua jinsi ya kufuta ujumbe.

Nilifuta sana. Watu wanaopenda muziki mtamu, niligundua, wana ndimi chungu ajabu. Na kila ugomvi ulibeba kisa cha mtu. Hakuna aliyesema tu kwamba mpiga tarumbeta fulani ni bora. Alikuwa bora kwa sababu alisikika redioni siku ambayo ng'ombe wa nyumbani alizaa mapacha. Ukimbishia mpiga tarumbeta, umembishia ng'ombe.

Mkubwa wa wabishi wetu alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu wa Kamukuywa. Nyumbani kwake hakukuwa na mtandao, kwa hiyo kila Alhamisi alisafiri hadi Bungoma mjini na daftari ambalo ndani yake alikuwa ameandika hoja zake kwa kalamu, Kwanza, Pili, Tatu, kisha akazichapa kwa kidole kimoja. Matokeo yake ni kwamba alijibu matusi wiki nzima baada ya kila mtu kuyasahau. Tungekuwa tumekwisha kupatana, tunapongezana kwa mvua, halafu Alhamisi ingefika na Mwalimu angetukumbusha kwa nini tulikuwa tumekosana.

Alhamisi moja, mvua ndefu zikianza, aliandika jambo la nyumbani kwake. Mke wake alikuwa amefariki. Desemba familia ingefanya maombi ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, na pasta alikuwa amekubali wimbo mmoja wa dunia upigwe, mradi uwe wa huzuni. Wimbo alioutaka ulikuwa kwenye santuri ndogo ambayo marehemu alikuja nayo alipoolewa, ya bendi moja ya Kitale iliyovunjika zamani. Kwa bahati mbaya, wakati wa matanga, mgeni mmoja mwenye mwili wake aliikalia. Je, kuna mwanaukumbi mwenye nakala nzima?

Angeishia hapo, tungemlilia na kumsaidia. Lakini mwalimu ni mwalimu, aliongeza maelezo. Wimbo huo, alisema, unatembea kama watu wanaobeba jeneza. Mwimbaji ni mtu mnene mwenye kifua cha fahali. Saksafoni ni ile kubwa kabisa, ambayo bila shaka mpigaji aliipiga akiwa ameketi. Na maneno yake, njoo twende, mbona wachelewa, ni ya mtu anayemwita marehemu wake.

Jibu lilikuja kabla ya jua kutua, kutoka kwa muuguzi mmoja wa Kitale ambaye sote tulimwita Sista. Sista aliandika kati ya zamu na zamu, kwa hiyo hakuwa na nafasi ya Kwanza wala Pili. Alisema: "Ninayo. Lakini Mwalimu, huo ni wimbo wa kucheza."

Ndipo ugomvi ulipozaliwa, ukaishi miezi saba.

Baba yake Sista alikuwa na baa Kitale zamani hizo, na bendi yenyewe ilikula hapo. Mwimbaji yule, alisema, alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe, na sauti yake ilikuwa ya juu. Saksafoni ilikuwa ile ndogo, na mpigaji hakuketi hata siku moja. Alikuwa akipanda juu ya kreti za soda. Maneno ni ya kijana aliyesimama mlangoni akimhimiza msichana wake avae viatu haraka, densi imeanza. Mwalimu alijibu Alhamisi iliyofuata kwa hoja kumi na moja. Sista akaandika: "Mwalimu, hapana."

Ukumbi uligawanyika. Kulikuwa na Kambi ya Msiba na Kambi ya Densi, na mtu mmoja wa Misikhu ambaye hakuwahi kuusikia wimbo huo ndiye aliyeandika sana kuliko wote. Mwalimu, ambaye aliipima santuri kwa saa yake kabla haijakaliwa, alisema inachukua dakika nne na sekunde tatu. Sista akasema ni dakika tatu kamili, kwa sababu baba yake alikuwa akichemshia wateja mayai kwa wimbo huo: sindano ikifika mwisho, yai linatolewa. Kwa dakika nne, alisema, wateja wangekuwa wakila mawe.

Tulicheka. Lakini Desemba ilikuwa inakuja, na Mwalimu bado hakuwa na wimbo. Alikuwa amempa pasta neno lake kwamba ni wa huzuni, na hakuweza kuupokea kutoka kwa mtu anayeuita ngoma ya baa. Sista naye alikuwa ameapa kwamba santuri ya baba yake haitakwenda kuwatikisa watu mabega kaburini. Mimi nilikuwa nafundisha kidogo Kiminini wakati huo na kuandika riwaya ambayo haikutaka kuandikwa, na usiku nilimfikiria yule mzee akiwa amesimama mbele ya waombolezaji, mikono mitupu. Nikawaandikia wote wawili pembeni. Nikapendekeza wakutane, wausikilize pamoja, waumalize. Wakakubali, kwa sharti moja: nije niwe refa.

Tulikutana Jumamosi mchana nyumbani kwa Sista, Kitale. Mwalimu alifika kwa koti na tai, daftari kwapani. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Badala yake nilishuhudia saa nzima ya adabu. Walisalimiana kwa mikono miwili. Waliulizana kuhusu mahindi, kuhusu mbolea, kuhusu watoto wa kila mmoja na watoto wa watoto. Sista aliomba kabla ya chai, sala ndefu yenye safari njema na mvua za kiasi. Mwalimu alisifu chapati. Watu hawa wawili, ambao kwa mwaka huo mimi binafsi nilikuwa nimewafutia maneno yasiyofaa kuandikwa hapa, walipitishiana sukari kama maharusi.

Hatimaye Sista alifuta mikono, akasema basi, tuisikie. Mashine yake ilikuwa ya zile za kizamani, sahani ya santuri juu na kaseti chini. Mwalimu alivua saa yake akaiweka juu ya goti. Sindano ikatua.

Siwezi kusema uongo: miguu yangu ilisogea. Gitaa lilikuwa likikimbia kuteremka mlima, sauti nyembamba ya kijana ikilikimbilia, njoo twende, njoo twende, na saksafoni ikicheka juu yao wote wawili. Sista alikuwa akinitazama mimi, si Mwalimu, kwa uso wa mtu ambaye amekwisha kushinda kesi.

Mwalimu alisikiliza kwa heshima hadi mwisho.

"Hii siyo hiyo," akasema.

Sista akamwonyesha karatasi ya katikati ya santuri. Mwalimu akavaa miwani, akaisoma mara mbili. Jina ndilo, bendi ndiyo. Akavua miwani.

"Basi mashine yako ina haraka, Sista."

"Ati haraka? Mwalimu, hii imepigwa kwa baba miaka yote."

"Hata saa mbovu huwa ni ya mtu miaka yote, bana."

Niliona adabu ikianza kuchubuka. Nikaingilia kama refa, nikamwuliza Mwalimu mashine yake ya nyumbani ikoje. Akaeleza kwa fahari. Aliinunua kuukuu kabla hajaoa. Imara sana. Swichi ya mwendo tu ndiyo iliyokuwa imekatika, ikabaki kwenye mwendo wa santuri kubwa, lakini hilo halikumsumbua, kwani santuri zake zote ni zile kubwa na zinalia vizuri kabisa. Hii ya mke wake ndiyo ndogo pekee. Tundu lake la katikati lilikuwa pana mno, kwa hiyo akalichongea kiziba cha gunzi la mahindi, kikakaa sawasawa. Alitoa kiziba chenyewe mfukoni atuonyeshe. Alikuwa amekuja nacho kwa ajili ya kuikinga santuri ya Sista isije ikayumba.

Sista alikitazama kile kigunzi. Kisha akanitazama mimi. Santuri kubwa huzunguka mara thelathini na tatu na kitu kwa dakika, ndogo mara arobaini na tano. Kila mtu ukumbini alijua hilo, na Mwalimu aliyejua hesabu kuliko sisi sote hakuwahi kuwa na sababu ya kuzigawanya namba hizo.

Sista alisogea kwenye mashine. Aliinama, akasukuma swichi hadi kwenye mwendo wa santuri kubwa, akarudisha sindano mwanzo.

Gitaa likaanza kutembea. Mtu mnene, mwenye kifua cha fahali, akafungua kinywa. Njoo. Twende. Saksafoni kubwa kuliko zote ikaketi karibu naye ikaomboleza. Nilikuwa Kambi ya Densi kwa siri tangu siku ya kwanza, na pale kwenye kochi, kwa dakika nne, nilihama.

Mwalimu alikuwa amefumba macho. "Hiyo," akasema. "Hiyo ndiyo."

Ilipokwisha, alichukua saa yake kwenye goti akaitazama, kisha akaitazama ile swichi, na niliona hesabu ikipita usoni mwake, pole pole, kama ubaoni. Sista angeweza kucheka. Alikuwa amengoja miezi saba. Badala yake alimwongezea chai ambayo hakuiomba.

"Marehemu Mama aliipata wapi ya kwake?" akamwuliza.

Mwalimu alisema mke wake alikuwa nayo tangu usichana. Walikuwa na gramafoni kwao, ya kaka yake mkubwa, mpya kabisa. Alikuwa akiipiga kila Jumapili kabla hajaolewa.

"Kwa hiyo swichi yao ilikuwa nzima."

"Ilikuwa nzima."

Nje mtu alikuwa akipasua kuni.

"Alijua," Mwalimu akasema. Kisha akatusimulia, akiwa anakitazama kikombe, kwamba yeye hajui kucheza. Hakuwahi kujua. Wiki ya kwanza ya ndoa alimwambia mke wake hivyo, kwa aibu, na mke akaweka santuri ile, akasikiliza kidogo, akacheka peke yake hadi akaketi. Alipomwuliza anacheka nini, akasema hakuna. Akamshika mkono, akasema huu hata wewe utauweza. Wakaucheza sebuleni, hatua moja, halafu nyingine, na waliendelea kuucheza hivyo miaka thelathini na moja.

"Miaka thelathini na moja, Sista. Na hakuniambia."

"Angekuambia, ungekubali?"

Mwalimu alifikiri kwa uaminifu, kama mtu aliyepewa swali la mtihani.

"Ningebisha," akasema.

Sista ndiye aliyeanza kucheka, kisha mimi, na mwisho Mwalimu mwenyewe, mabega yakimtikisika ndani ya lile koti, hadi akatoa leso akafuta macho, na akaendelea kuyafuta baada ya sisi kunyamaza.

Sista alitafuta kaseti tupu. Akasimama mbele ya mashine, kidole kwenye swichi, akamwuliza amrekodie mwendo upi. Mimi nilidhani atataka yote miwili. Ningekuwa mimi, na hasa kwenye riwaya, ningetaka yote miwili. Mwalimu akasema ule wa pole pole tu. Ule mwingine, alisema, ulikuwa wa mke wake kabla hawajajuana, na yeye si mtu wa kupekua masanduku ya watu.

Basi tukaketi tukaurekodi. Sista, aliyeapa kwamba santuri ya baba yake haitakwenda msibani, alisimama karibu nayo dakika zote nne, akaishika mashine isitikisike, na mtoto wa jirani alipopita akiita dirishani akamwashiria anyamaze.

Mwalimu alitia kaseti kwenye mfuko wa ndani wa koti. Aliagana nasi mmoja mmoja. Kwa kawaida mgeni husindikizwa, angalau hadi getini, na mtu kama yeye husindikizwa hadi barabarani. Sista alikuwa tayari amejifunga leso kiunoni, nami nimeshika daftari lake. Akalichukua mkononi mwangu.

"Msisumbuke," akasema, mkono juu ya mfuko wenye kaseti. "Leo nitatembea na mtu."

Akatoka, akageuka, na kabla hatujafika kizingitini akauvuta mlango yeye mwenyewe, taratibu, hadi ukafunga.