Diski Iliyobeba Sauti ya Baba

Mtu akiniambia "ah, kompyuta ni mashine tu," huwa naondoka pale nilipo, maana nikikaa nitatoa maneno yasiyofaa mbele za watu. Mimi nilikuwa na baba ndani ya mashine, nusu yake upande huu na nusu upande ule, na majirani wema, watu wa sala kabisa, wakaichomoa kwenye umeme na kuibeba nje pamoja na makochi.

Ilikuwa miaka ya soko huria, na sisi tulikaa Majengo, hapa hapa Songea. Maduka yalikuwa yamejaa vitu ambavyo zamani tulivisikia redioni tu. Kompyuta yangu ilitoka Dar es Salaam, mtumba, ikafika imeviringishwa blanketi juu ya basi. Niliiweka sebuleni kwa wazazi, kwa sababu ndiko kulikokuwa na soketi isiyocheza, nikawa nachapa barua za watu, mialiko ya harusi na mitihani ya walimu. Mama aliifunika kitambaa cha kufuma, kama alivyoifunika redio, na alimkaripia yeyote aliyeisogelea na kikombe cha chai.

Baba alikuwa mwalimu wa kwaya parokiani. Nikisema sauti, wewe usifikirie sauti ya kawaida. Akianzisha wimbo pale mbele, watu wa nyuma kabisa walinyoosha migongo. Kisha koo likaanza kumsumbua. Tukasema mafua, tukasema vumbi la kiangazi, tukasema moshi. Hospitali wakasema uvimbe, na kwamba aende Dar es Salaam akapasuliwe, ila akishapasuliwa sauti haitarudi. Baba aliposikia hivyo alicheka, akasema basi kwaya ipumzike na kelele zake. Mama hakucheka.

Ndipo nikatafuta kipaza sauti kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta. Kabla ya safari, kila umeme ulipokuwepo, nilimkalisha baba kwenye kiti changu cha kuchapia nikamrekodi. Aliimba nyimbo za Pasaka, akasali sala ya jioni kwa Kingoni, akasimulia alivyokwenda kumposa mama na namna wajomba zake mama walivyomzungusha. Mara nyingine alichoka haraka na kukasirika. Baadaye akapanda basi na baba mdogo, mama akabaki nyumbani kwa sababu miguu yake ilikuwa imevimba na safari ile ilikuwa ya kutwa kucha.

Sauti zinakula nafasi, jamani! Baba hajafika hata Makambako, mashine ikaanza kugoma. Nikichapa barua ya mtu, inakataa kuitunza, inasema imejaa. Siku chache baadaye nikamwita shemeji, mume wa dada yangu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye ofisi yenye kompyuta na ndiye mjuzi wetu wa mambo hayo. Akatazama, akasema, "Shemeji, futa hizi sauti. Ndizo zimejaza."

"Nifute sauti ya baba?"

"Basi, basi. Yaishe."

Akanieleza vizuri. Ndani ya mashine kuna diski, kile kisanduku cha chuma kinachotunza kila kitu, na diski yangu ilikuwa imegawanywa vyumba viwili. Chumba cha kwanza kilikuwa kimefurika, cha pili kilikuwa karibu kitupu. Alikuwa na programu ya kuhamisha sauti zote kwenda chumba cha pili na kuusogeza ukuta wa katikati. Tatizo ni moja tu, akasema. Kazi ikianza haikatizwi. Ikikatizwa ukuta unaweza kuanguka, na mashine isijue tena chumba kilianzia wapi.

Hofu yetu ilikuwa umeme, kwa sababu Songea tulikuwa na umeme wetu wa majenereta, na mgao ulikuja ulivyotaka. Shemeji akaulizia, akaambiwa siku ile mtaa wetu una umeme mpaka jioni. Akaanzisha kazi baada ya chakula cha mchana. Mstari wa bluu ukaanza kutambaa kwenye skrini, polepole mno. Nilikaa naukodolea macho, ingawa kila kitu kilikuwa kinakwenda sawa.

Mstari ulikuwa umefika katikati wakati mwenye duka la simu, tulikopokelea simu za kutoka Dar es Salaam, alipoingia uani. Hakupiga hodi. Akasimama tu pale, kofia mkononi, na mama aliyekuwa anachambua mchele akaacha kuchambua.

Baba alikuwa amefia mezani kwa madaktari.

Sikumbuki nilitokaje nje. Nakumbuka nimemshika mama, na mama ni mzito, tumekaa chini kwenye vumbi wote wawili, na shemeji anakimbia kumfuata dada kwake, mtaa wa Bombambili. Watu wakaanza kuingia. Nawe unajua msiba wetu unavyokuwa. Wanajumuiya, wale majirani tunaosali nao, hawasubiri kuagizwa. Kina mama wanaleta mikeka, wanaume wanatoa vitu sebuleni ili wafiwa wapate pa kukaa. Kabati lilitoka, makochi yakatoka, meza ya chakula ikatoka. Ni upendo ule, na hakuna anayeuliza chochote kwa sababu kumuuliza mfiwa habari za meza ni kukosa adabu.

Nikainua macho, nikaiona skrini yangu ikipita juu ya vichwa vya watu, nyeusi, waya umening'inia. Kitambaa cha mama walikuwa wamekitandika juu yake vizuri.

"Msizime!" nikapiga ukelele. "Jamani, msimzime! Mrudisheni!"

Kina mama wakanikumbatia kwa nguvu, wakaanza kulia upya. "Lia, mwanangu," wakaniambia. "Lia, utoe yote." Kadiri nilivyozidi kusema habari ya mashine ndivyo walivyozidi kunibana, wakidhani nimechanganyikiwa kwa uchungu. Mashine ikaenda kuwekwa stoo ya jirani, juu ya magunia ya mahindi.

Baba akarudi kwa gari, ndani ya sanduku, tukamzika. Tulipomaliza matanga na vitu vikarudishwa sebuleni, kila kimoja mahali pake, mama akawaambia wanajumuiya wote waliokuwepo: siku ya arobaini mje, tutasali, halafu mtamsikia mwenyewe. "Yumo humu," akasema, akiipigapiga kompyuta mgongoni. Kwaya nzima ikasikia. Mimi na shemeji tukatazamana.

Tulipoiwasha mara ya kwanza, skrini ilibaki nyeusi ikaandika maneno machache ya Kiingereza. Shemeji akanitafsiria bila kunitazama: "Inasema haina diski."

"Haina vipi? Imekwenda wapi?"

Akafungua sanduku la mashine. Waya mpana unaoshika diski ulikuwa umechomoka nusu, pengine walipoitua kwenye magunia. Akaukandamiza, na nikasema asante Mama Maria, kumbe ni hilo tu. Tukawasha tena. Safari hii diski ilionekana, lakini ikaanza kutoa mlio. Ka. Ka. Ka. Inanyamaza, halafu ka tena. Mlio mdogo, mkavu, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha. Shemeji akazima upesi. Jasho lilikuwa linamtoka, na ilikuwa ile miezi ya baridi yetu ambayo watu hawavui masweta.

"Kuna kitu kinakwaruza huko ndani," akasema. "Kila tukiiwasha tunaimaliza."

Kuanzia hapo niliiogopa ile mashine. Wakati mwingine ilipowashwa diski haikuonekana kabisa. Wakati mwingine ilionekana, na shemeji alipotazama ndani hakukuta vyumba. Mashine ilisema ni uwanja mtupu, haujawahi kugawanywa, haujawahi kukaliwa na mtu. Kisha ikauliza kama tunataka kugawa upya. Kidole cha shemeji kikasogea kwenye kibodi, kwa mazoea tu ya ofisini, kwa kuwa huko mashine ikiuliza hivyo wao hujibu ndiyo. Nilimkamata mkono nikaufinya mpaka akaguta. Ndiyo moja tu, na mashine ingejenga kuta mpya juu ya baba yangu.

Na mama yuko jikoni anasikia kila kitu. "Anaendeleaje?" anauliza. Haulizi inaendeleaje. Nilikuwa nataka kulia na nilikuwa nataka kumfokea, yote kwa pamoja.

Shemeji akapata flopi, ile diski ndogo ya kuchomeka, yenye programu ya kutafuta alama za kuta zilizoanguka. Tuliiwasha kidogo kidogo, kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji, tukazima, tukangoja ipoe, huku tukiomba mgao usitukute katikati. Ikatafuta, ikagonga, ikatafuta. Hatimaye ikakiona chumba cha pili. Hapo nilipiga kigelegele, nikanyamaza upesi, kwa sababu ndani yake majina yote yalikuwa yamechanganyika na alama zisizosomeka, tukawa tunayakisia. Tukajaribu moja moja. Sala haikufunguka. Nyimbo za Pasaka hazikufunguka. Posa ya mama ikatoa mngurumo tu, kama mvua juu ya bati, na mimi nikatoka nje nikasimama uani mpaka nilipoweza kurudi.

Likabaki faili moja lililoonyesha uhai. Shemeji alikataa tulicheze. Lilikuwa kubwa kupita flopi, kwa hiyo akaagiza diski nyingine Dar es Salaam ili alinakili kwanza, na akaniapisha kwamba hadi diski hiyo ifike hakuna atakayegusa swichi. "Tukiiwasha tena ikazimika, shemeji, mimi sitegemei kuiona," akasema.

Siku ya arobaini ikafika na diski haijafika. Basi lililoibeba lilikuwa limekwama njiani huko Njombe. Misa ikasomwa, wali ukaliwa, watu wakajaa sebuleni na nje ya madirisha, kwaya yake yote. Nikamvuta mama pembeni nikamweleza. Mama, subiri siku moja tu. Kesho tutakuwa naye mahali pazuri, utamsikiliza mpaka uchoke.

"Watu wamekuja leo," akasema.

"Mama, nakusihi."

"Washa."

Shemeji akawasha. Ka. Ka. Kimya. Ka. Ikasoma. Alimwacha mama akae kwenye kiti changu cha kuchapia, nami nikabonyeza.

Kwanza kukawa na mkwaruzo mrefu, mpaka watu wakaanza kuinamisha vichwa kwa aibu kwa niaba yetu. Kisha akakohoa. Baba yangu akakohoa mle sebuleni, na mtu mmoja kwenye kwaya akasema "Yesu wangu!" Hakuimba. Haikuwa wimbo wala sala. Ilikuwa siku mojawapo ya zile alizochoka, nami nilikuwa nimesahau kwamba niliitunza. Sauti yake ilikuwa imekwisha kupasuka, ya chini, karibu kabisa na sikio.

"Inatosha," akasema. "Nimechoka mimi. Zima hicho kitu, nipumzike."

Mkwaruzo ukaendelea. Shemeji alikuwa ananinong'oneza, usiguse, usiguse, iache hivyo hivyo mpaka kesho. Mama akainuka kwenye kiti, na miguu yake ile, akaegemea meza, akanyoosha mkono nyuma ya mashine na kubonyeza swichi ya ukutani.

Ile ka ikalia mara ya mwisho, taratibu, ikazama.

Nilipiga kelele. Sitaficha, nilimpigia mama yangu kelele mbele ya wanajumuiya na mbele ya katekista. Nilimwambia amemuua, nilimwambia ilikuwa kesho tu, mama, kesho tu! Shemeji akawasha palepale. Diski haikuonekana. Akaukandamiza waya, akawasha tena, na haikuonekana, wala siku ile wala nyingine yoyote.

Mama alingoja mpaka nilipoishiwa pumzi. Macho yake yalikuwa makavu, na aliniangalia kama ananionea huruma.

"Kule Dar es Salaam alikata roho bila kuniambia neno," akasema. "Leo ameniambia. Sasa ulitaka nimkatalie?"

Kisha akawageukia kwaya, akawaomba waimbe.