Mbegu Katika Makopo Meupe

Kijijini kwao, juu kwenye milima ya Rifu, kaskazini mwa Moroko, ua wa mwanamke ndio ulikuwa uso wake. Baridi ikishaondoka tu, ndoo za chokaa zinatoka, na Mennana ndiye aliyekuwa akitangulia. Anapaka kuta, anapaka ngazi, anapaka mdomo wa kisima na shina la mtini. Madebe ya mnanaa na mrehani yaliyopangwa ukutani nayo yanapakwa mpaka yang'ae. Majirani walizoea kumtania kwamba kuku wake akizubaa kidogo tu, atajikuta naye amekuwa mweupe.

Aliingia nyumba ile akiwa bi harusi mdogo, na kitu cha kwanza alichokabidhiwa na mama mkwe wake kilikuwa brashi. Akazaa, akazika mmoja, wawili waliobaki wakakua na kuteremkia mji wa Tanja kutafuta kazi. Wakabaki yeye na mumewe, Si Abslam, ambapo "Si" kwao ni kama "Bwana", na shamba la bangi la mteremkoni. Bangi kule ndiyo shamba, kama mahali pengine palivyo na mahindi. Ndiyo iliyolisha, ndiyo iliyovisha, na ndiyo iliyomfanya Si Abslam akwepe siku za gulio miaka mingi kwa kuogopa askari.

Mbegu ya Si Abslam ilikuwa ya baba yake, na baba yake aliipata kwa babu. Mmea mfupi, majani membamba, unaoishi kwa mvua ya Mungu peke yake. Kisha ikaja mbegu ya wageni. Ile inarefuka kupita mtu, inazaa mara tatu, lakini inakunywa maji kama ngamia. Mmoja baada ya mwingine, majirani wakaihamia. Visima vikashuka. Na kwa kuwa bangi dume hutoa vumbi linalosafiri na upepo, hata aliyekataa kuipanda aliletewa mlangoni. Si Abslam alikuwa akipanda mbegu ya babu yake na kuvuna nusu yake na nusu ya jirani.

Halafu ukame ukaja miaka miwili mfululizo, na shamba likaungua lote. Kisukari kikamchukua macho Si Abslam, kikahamia kwenye mguu, kikamlaza. Mbegu safi iliyobaki, aliyokuwa ameiweka kwenye kibuyu kabla vumbi la wageni halijafika, ilikuwa haijai hata kiganja.

Akamwita mkewe na kumwekea kiganjani.

"Ipande ndani," alimwambia. "Kwenye chumba cha mbuzi, dirisha lizibwe na kitambaa kizito. Madume na majike yachavushane humohumo, tupate mbegu mpya. Ikichanganyika imekufa, Mennana, hata kama itaota."

Mennana akaifunga kwenye ncha ya kitambaa chake cha mistari myekundu alichojifunga kiunoni. Mbuzi walikuwa wameshauzwa. Akasugua kile chumba, akaning'iniza taa kubwa nyeupe aliyoituma mwanawe kutoka Tanja, akakusanya makopo ya mafuta ya zeituni na kuyatoboa chini. Kisha akafanya lile ambalo mwanamke yeyote wa kijiji kile angelifanya. Akachanganya chokaa, akapaka chumba, akapaka makopo. Na kwa kuwa funza wa udongoni waliwahi kuula mnanaa wake, safari hii aliyapaka makopo hata ndani, mara mbili, wasije wakajificha humo.

Mbegu zikaota. Zilichomoza zikiwa na kofia za maganda kichwani, na Mennana akacheka peke yake kama anayetazama watoto wachanga. Si Abslam, kitandani ng'ambo ya ua, alianza kuuliza kila asubuhi kabla hata ya chai:

"Watoto wameamkaje?"

"Wameamka wazima, Si Abslam."

Siku za kwanza ilikuwa kweli. Baadaye miche ikasimama. Haikufa, wala haikukua. Majani mapya yalitoka yamefifia, rangi ya nta, mishipa tu ndiyo iliyobaki kijani, kama mkono wa mgonjwa. Mennana alidhani ni kiu, akaongeza maji. Alipoona udongo unaanza kunuka akadhani ameizamisha, akapunguza. Akasogeza taa chini, kisha akahofu inaiunguza, akaipandisha. Akaleta mavi ya mbuzi kutoka kwa jirani, akayaloweka, akamimina yale maji meusi. Njano ikazidi.

Ftouma, mke wa mpwa wa Si Abslam, ndiye peke yake aliyeingizwa chumbani mle. Alikuja na mtoto mgongoni, akainama, akageuza jani kwa kidole.

"Shangazi, hii imezaliwa imechoka," alisema. "Njoo nikupe ya kwangu. Ile hata ukiitemea mate inaota."

"Na ukisahau kuitemea inakufa," Mennana akajibu. "Nyie mnalea ng'ombe wa maziwa, si mimea."

Ftouma akacheka, mtoto naye akacheka bila kujua anacheka nini. Kabla ya kuondoka alisema huenda ni funza wanaokula mizizi. Neno hilo likamwingia Mennana. Jioni hiyohiyo alichukua chokaa ya unga na kuinyunyiza juu ya udongo wa kila kopo kwa upendo mwingi, kama mtu anayempaka mtoto poda baada ya kuoga.

Na asubuhi, mumewe alipouliza watoto wameamkaje, akajibu, "Kijani kama mnanaa."

Alisema hivyo kwa sababu aliuona uso wake ukigeuka kuelekea mlangoni, ukisubiri. Mguu ulikuwa umeanza kutoa harufu. Supu ya maharagwe alikuwa akiila vijiko vichache, kisha analisogeza bakuli. Kitu pekee alichokitamani duniani kilikuwa kile chumba cha ng'ambo ya ua, na hakuweza kukifikia kwa miguu wala kwa macho. Mennana akawa analisha roho yake kwa maneno. Leo imefika kifundoni. Leo imefika gotini. Akishatoka anasimama uani, anashika mtini.

Miche ikaanza kufa. Inakauka ncha, inajikunja, inalala.

Siku moja Si Abslam hakuuliza. Akanyoosha mkono.

"Niletee jani," akasema. "Moja tu. Nilishike."

Jani la chumbani lingepasuka kiganjani mwake kama karatasi. Mennana alitoka, akavuka ukuta mpaka shambani kwa Ftouma, akachuma jani zuri, bichi, lenye afya, akarudi nalo chini ya kitambaa kama mwizi.

Si Abslam alilipokea kwa mikono yote miwili. Akapitisha kidole kwenye vidole vya jani, kimoja kimoja. Kidole gumba kikasimama. Kikarudi nyuma, kikapita tena.

"Nene," akasema. "Jani hili si letu."

Mennana akarudi nyuma mpaka mlangoni.

"Umeitupa mbegu yangu ukapanda ya kina Ftouma?"

"Wallahi sikuitupa."

"Basi iko wapi, Mennana? Mimi ni kipofu, sijawa mjinga."

Ndipo akakaa sakafuni karibu na mguu ule unaonuka, akamwambia yote tangu majani ya kwanza. Alitarajia mumewe agombe, lakini Si Abslam alimsikiliza mpaka mwisho, na alipofungua mdomo sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya shambani.

"Njano inaanzia wapi? Chini au juu?"

"Juu. Yale machanga ndiyo yanayotoka meupe."

"Ingekuwa njaa ya mbolea ingeanzia chini, majani yaliyozeeka ndiyo yangetangulia. Udongo umetoa wapi?"

"Shambani kwetu."

"Na umeupandia kwenye nini?"

"Makopo ya mafuta."

Nguo za Mennana zilinukia ukuta mpya, na pua ya Si Abslam haikuwa imepofuka.

"Umeyapaka?"

"Nimeyapaka."

"Nje tu?"

Mennana akatazama mikono yake, ngozi iliyopasuka kwa chokaa ya miaka yote ile, chembe nyeupe zimeganda pembeni mwa kucha.

"Chokaa inaufunga udongo," Si Abslam akasema taratibu. "Chakula kimo, lakini mzizi haukipati. Mmea unakufa njaa mezani." Kisha akaongeza, na hili ndilo lililomkata kuliko yote, "Ungeniambia siku ile ya kwanza."

Siku hiyo hiyo Mennana alipanda mlimani, mpaka chini ya miti ya mwaloni, akajaza gunia udongo mweusi wa majani yaliyooza. Akaliteremsha mgongoni, akipumzika kila penye jiwe. Hakutumia makopo tena, alitumia vikapu vikuukuu. Akachomoa miche iliyobaki, akaosha mizizi kwa maji ya mvua yaliyokuwa kwenye mtungi. Mizizi ilikuwa ya kahawia, imejikunja katikati, inaukimbia ukuta wa kopo.

Mingi haikuvumilia kuhamishwa. Miwili ikashika. Kwa muda ilisimama vilevile, halafu, kileleni, likachungulia jani dogo la kijani cha kweli. Alikwenda kumwambia mumewe, naye akamtaka aape. Akaapa.

Baadaye mmoja ukaonyesha vifuko vya dume. Kabla havijafunguka, shina lake, lililodhoofika tangu utotoni, likaoza chini na kuanguka. Ukabaki mmoja, na huo ukatoa nywele nyeupe za jike.

Mennana hakusubiri kuulizwa. Alivuka ua, akamweleza Si Abslam hivyohivyo ilivyo.

Si Abslam alitega sikio kuelekea mashambani.

"Mashambani madume yameshaanza kumwaga vumbi?" akauliza.

"Yameanza. Ukuta wetu una vumbi la njano."

"Basi jike letu ama likauke peke yake, safi kama lilivyo. Ama ulifungulie dirisha lizae na wageni. Mimi sitasema. Mikono ni yako."

Mennana alikwenda kukaa mbele ya ule mmea. Ulikuwa mfupi, majani membamba, nywele zake nyeupe zimesimama zikingoja. Akamkumbuka yule mtoto aliyemzika, jinsi alivyomfunga nguo safi, akambana kifuani, na bado akabaki mikono mitupu. Kisha akasimama, akang'oa misumari ya kitambaa kizito, akasukuma dirisha. Ubao ulilia.

Ng'ambo ya ua Si Abslam akausikia.

"Umefungua?"

"Nimefungua."

Mennana alipochungulia mlangoni alimwona mumewe amegeuza uso ukutani.

Si Abslam hakuwahi kuzishika mbegu zile. Alizikwa kabla hazijakomaa. Mennana alizipura peke yake, akazifunga kwenye ncha ya kitambaa chake, na hakujua aziite za nani.

Mwaka uliofuata ua wake haukupakwa. Wanawake walipopita na ndoo zao walipunguza sauti, wakidhani ni kwa ajili ya msiba.