Ami Khalfan Alipoikana Gari Yake

Najua mshaisikia. Hakuna kundi la simu la jamaa zetu, wa Maskati, wa Unguja, hata wale waliohamia Dubai wakajifanya hawatujui, ambalo haikufika, lakini mliyoyasikia yametiwa chumvi na mdalasini, basi bora niwape mwenyewe huku nimeinamisha uso: ni kweli, Idi Kubwa, mbele ya watu thalathini na sinia tatu za shuwa, ile nyama ya kuokwa shimoni, mzee wa miaka themanini na nne alininyooshea kidole (pembeni kidogo ya pale niliposimama, maana haoni) akasema gari yake nimeiiba. Gari ambayo niliinunua kwake kwa halali, karatasi ninazo, na ambayo wakati ule ule nilikuwa nimeiegesha mbele ya miguu yake.

Chanzo ni mimi kutotulia. Mke wangu anasema nnakaa kitako kama mtu aliyekalia siafu, na hasemi uongo, kwani kazini mguu unacheza chini ya meza kutwa nzima, na nyumbani nikiona skrubu imekaa upande lazima niinuke niikaze, nikishaikaza naiona na ya jirani yake. Mtu wa namna hii hafai kukabidhiwa gari ya zamani, ni sawa na kumkabidhi paka samaki amlinde.

Gari yenyewe ni ya Kimarekani, ya mwanzo wa miaka ya sabini, milango miwili, boneti refu, silinda nane, ikiwashwa mtaa mzima wa Darsait unajua. Ilikuwa ya Ami Khalfan, rafiki wa marehemu baba tangu Unguja, na kwetu rafiki wa baba ni ami, hakuna mjadala. Nilipokuja Maskati nna miaka tisa, sijui Kiarabu hata cha kuombea maji, yeye na mkewe Bi Zuwena ndio walionipokea uwanja wa ndege kwa gari hiyo, wakanilea miaka minne mpaka wazee wangu walipofika. Sasa Bi Zuwena ametangulia mbele ya haki miaka sita iliyopita, na Ami macho yameondoka kidogo kidogo kwa ile presha ya macho, gari ikabaki kibandani inakula vumbi.

Mwaka juzi akaniita.

"Seif," akaniambia, "gari hii nikimpa Mahfudh ataiuza vipande vipande." (Mahfudh ni mkwewe, mume wa binti yake Da Salma, na alikuwa amekaa hapo hapo anakunywa kahawa.) "Ichukue wewe uitengeneze. Ikishakuwa nzima niletee nipande mara moja tu, twende nayo Matrah turudi. Sitaki jengine."

Nikambusu kipaji cha uso, nikamlipa bei aliyoitaja, nikamwahidi. Na wallahi hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu muda wote, nataka mlijue kabla hamjanicheka: nilitaka mzee aliyenilea akae tena ndani ya gari yake naye yuko hai.

Sasa hapo ndipo nilipopotea. Nikaagiza Marekani kitabu cha kiwanda, kinene, kinachoonyesha kila nati na kila waya na kila kipande cha mpira, halafu nikaingia kwenye kikundi cha wapenzi wa magari ya zamani hapa mjini, watu ambao wakikuta taa yako si ya mwaka wake wanakutazama kama wamekukuta unakula mchana wa Ramadhani. Kauli yao ni moja, "kama ilivyotoka kiwandani", na mimi nikaimeza nzima bila ya kutafuna.

Maana gari ya Ami ilikuwa mbali sana na kiwanda. Zamani spea hazipatikani, mtu anatia anachokipata. Kiwanda kiliweka viti vya plastiki nyeusi, Ami akavivalisha mahameli nyekundu. Ilitoka kijani, yeye akaipaka nyeupe kwa sababu ya jua. Kichwa cha gia kilivunjika, akatia kichwa cha mfereji wa maji, cha shaba, kilichosuguliwa na kiganja chake mpaka kikawa laini kama sabuni. Kiyoyozi kilitoka kwenye gari nyengine kabisa. Na baina ya viti viwili vya mbele palikuwa na sanduku dogo la mbao lenye matundu mawili ya duara, amelichonga mwenyewe kwa ajili ya Bi Zuwena, tundu moja la chupa ya kahawa, tundu la pili la kopo la tende.

Fundi wangu ni Wafula, Mkenya, ana gereji Wadi Kabir, mtu mpole na mkono wake safi. Siku tuliyoanza kuvua vitu vya ndani alilishika lile sanduku akaligeuza geuza.

"Boss, hii nayo? Mtu alikaa chini akaifanya na roho yake. Hata msumari hakuna."

"Haimo kitabuni," nikamwambia.

"Lakini haisumbui kitu. Tunaweza kuiacha tu."

"Toa, Wafula. Toa vyote, tupa."

"Sawa. Gari ni yako."

Nilisema hayo huku natazama simu. Laiti ningekuwa mtu wa kukaa kimya hata dakika moja nikafikiri, mambo yote yangeishia pale, lakini tayari akili yangu ilishahamia kwenye ekzosi.

Mwaka na nusu nikawa nashinda Wadi Kabir. Natoka wizarani na kanzu nyeupe, narudi nyumbani nayo ina grisi hadi kolani, na Wafula alifika hadi ya kuniwekea kiti pembeni kabisa, akisema, "Boss, kaa hapo, nitakuita," nami nakaa kidogo, nainuka, nakwenda kushika kitu kilichokwisha kukazwa. Ami akipiga simu kuuliza gari imefikia wapi, namwambia, "Subiri, Ami, utaiona" (ndio, nilimwambia utaiona, kipofu, ndivyo ulimi wangu ulivyo). Sikumwambia nimetoa nini wala nimetia nini, nilitaka iwe jambo la kumshtusha.

Basi Idi Kubwa, mwezi wa sita, saa saba mchana. Ningeweza kwenda peke yangu, kimya kimya, nikamchukua mzee tukaondoka. Lakini mimi nikawaita watu wa kikundi cha magari waje na simu zao wapige video. Nikatoka kwangu, na kwa vile kiyoyozi nacho hakimo kitabuni, nilifika Darsait nimerowa kama niliyechovywa, kanzu imenigandia mgongoni, lakini nimevimba kichwa. Nyumba nzima ikatoka nje, watoto, akina mama, wanaume na vidole vyao vya mafuta ya shuwa. Da Salma akamtoa baba yake kwa kumshika kiwiko, mzee kavaa vizuri, ananukia udi, anatabasamu.

"Ami," nikasema kwa sauti ya mtu anayejua anapigwa video, "gari yako hiyo, nimeirejesha kama ilivyokuwa."

Akasikiliza injini. Tabasamu likapungua.

"Mbona inanguruma kama ina mafua?"

"Ekzosi mpya, Ami. Ya kiwandani khasa."

Akataka akae kwenye usukani, tukamkalisha. Akapapasa kiti, akakunja uso. Mkono ukaenda kwenye gia, ukakutana na chuma baridi chenye umbo la herufi T, ukarudi upesi. Halafu ukashuka baina ya viti viwili, ukapapasa zulia, ukaenda mbele, ukarudi nyuma, ukapapasa tena pale pale, na hapo nikajua anatafuta nini.

"Sanduku la Zuwena liko wapi?"

"Ami, lile... tuliliondoa, halikuwa la kiwandani."

Akasema, si kwa ukali, kama mtu anayetoa habari:

"Hii si gari yangu."

Nikacheka. Nikadhani anatania. Alipoanza kutoka ndani kwa kupapasa mlango ndipo nilipoona uso wake, na uso ule haukuwa wa mzaha.

"Gari yangu umeiuza, Seif, ukaniletea ya watu. Mimi sina macho, sikukosa akili. Mwizi mkubwa wewe."

"Ami, wallahi ndiyo yenyewe."

"Usiape."

Hapo mtu mwenye busara angemshika mkono mzee akamwomba radhi. Mimi nikaanza kuthibitisha. Nikatoa mulkiya, ile kadi ya gari, nikampa Mahfudh aisome (katika watu wote, nikamchagua Mahfudh), naye akaisoma kwa sauti ya mtangazaji: "Rangi, kijani." Akawatazama watu. "Ya Ami sote tunajua ilikuwa nyeupe." Nikaeleza kwamba nimebadilisha rangi na polisi wameniandikia kadi mpya. Akaniuliza kadi ya zamani iko wapi. Nikasema polisi waliichukua. Akatikisa kichwa taratibu, kama daktari.

Nikafungua simu nikaanza kuonyesha picha, hii siku ya kwanza, hii tunavua viti, hii rangi nyeupe bado ipo. Da Salma akazitazama, akaniambia polepole, "Mimi nakuamini, Seif," na wengine nao wakaanza kuamini, lakini Ami akauliza, "Anamwonyesha nani?"

Basi nikampigia Wafula. Nikaweka sauti nje ili mzee asikie. Kwao haikuwa Idi, alikuwa gereji, nyundo zinagonga nyuma yake.

"Wafula, mwambie mzee hapa, hii gari si ndiyo ile ile?"

"Ni ile ile kabisa, mzee wangu. Boss alisema tutoe kila kitu, na mimi nikatoa kila kitu."

"Mnasikia?" akasema Ami.

Sijui shetani gani alinishauri, lakini nikaona dawa ni mwendo. Nikamwomba, nikamsihi, akapanda upande wa abiria ili tu Da Salma asilie, nikaondoa gari kwa mbwembwe, na tulipofika kwenye geti (si zaidi ya hatua ishirini) injini ikapiga kikohozi kimoja ikazima, petroli imechemka kwa joto, na haikuwaka tena. Vioo viko chini, upepo hakuna, mzee anafuta jasho kwa kilemba chake. Wanaume wanane na kanzu zao za Idi wakaja kutusukuma kurudi kivulini, mmoja akiomba asikanyagwe, na watu wa kikundi changu cha magari hawakuacha kupiga video hata mara moja. Ami akatoa kichwa dirishani akawaambia wanaosukuma:

"Yangu haikusukumwa hata siku moja."

Gari haijafika kivulini simu yangu ikalia. Mama, yuko Unguja alikokwenda kusalimia.

"Mwanangu, nnasikia umemwibia Khalfan gari?"

Nilirudi nyumbani kwa teksi. Na nawaambia ukweli, kilichoniuma si video, video watu wanacheka wanasahau. Kilichoniuma ni kwamba yule mzee hakuwa ananisingizia. Aliamini. Mtoto aliyemlea amemwibia, na alikwenda kulala na hilo.

Baada ya sikukuu gereji zilipojaa tena nikaenda Wadi Kabir. Kichwa cha mfereji kilikwenda na vyuma chakavu, mahameli ilichomwa. Nikamuuliza Wafula kuhusu sanduku, akainamia chini ya meza yake akalitoa, limejaa spana.

"Samahani, boss. Uliniambia nitupe. Nilishindwa."

Nusura nimkumbatie na ovaroli yake. Nikaliosha kwa sabuni mara tatu, nikalipeleka Darsait, bila gari, bila mtu wa kupiga video. Ami alikuwa peke yake sebuleni na redio yake. Nikaliweka mapajani mwake nikakaa chini kwenye zulia, kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa na haraka ya kuinuka.

Akalinusa. "Lina grisi," akasema. Akapitisha kidole ndani ya lile tundu la chupa ya kahawa, akazunguka nacho taratibu, akasimama mahali palipoungua kidogo. Mimi nikatazama zulia.

"Hapa alikuwa akimimina huku mimi naendesha," akasema. "Kila siku anagombana nami, polepole Khalfan, utaniunguza."

"Nisamehe, Ami."

"Umelipata. Mungu akupe kheri." Akanipapasa kichwa, kama alivyokuwa akinipapasa nna miaka tisa, na mimi machozi yakanilenga, nikajua sasa yamekwisha, sasa ameniamini.

"Basi," akasema, huku analikumbatia sanduku lake, "kama umelipata hili, na gari yenyewe haiko mbali. Nenda kaitafute."

Da Salma alikuwa mlangoni na sinia ya kahawa. Akajifunika mdomo kwa mtandio, na mpaka leo sijamuuliza kama alikuwa anacheka au analia.

Gari iko kwangu, imefunikwa turubai, kama ilivyotoka kiwandani, Matrah haijafika. Kila nikienda kumtazama mzee ananiuliza kama nimepata habari zake, namjibu natafuta, Ami, natafuta. Nilichojiapia ni kimoja: kitu cha mtu, kiwe gari kiwe kikombe, sitatoa ndani yake hata kijiti mpaka nimuulize mwenyewe kakitia kwa ajili ya nani.