Bei ya Kufa Mara Mbili

Kufa kwangu kuliniingizia shilingi elfu moja na mia mbili. Kufufuka kukanigharimu elfu mbili, mia tatu na hamsini: mbuzi elfu moja na mia nne, mchele kilo kumi kwa mia nne, nazi na viungo na sukari mia tatu na hamsini, bahasha ya maalim mia mbili. Nimejumlisha mara mbili. Mimi ambaye wauza viatu wa Ukunda wakiniona huanza kufunga mizigo, wakihofia nitakavyowashusha bei, nilikufa kwa hasara.

Filamu yenyewe ilikuwa ya tatu katika mfululizo. Ya kwanza na ya pili tulikuwa tumeziona katika banda la video, kiingilio shilingi tano. Katika ya kwanza adui alitoka nchi za baridi, kavaa kofia ya manyoya, nasi hatukuwa na ugomvi naye wala huruma. Katika ya pili adui alivaa kanzu. Ilikuwa Ijumaa, wengi wetu tumetoka msikitini moja kwa moja, na tulimshangilia stelingi akiwaangusha kumi kumi, mpaka mtu mmoja wa benchi la mbele akajitazama nguo aliyovaa, akaacha kupiga makofi. Hapo ningepaswa kujua kwamba foleni inasogea na zamu yetu iko karibu.

Ikafika. Ulikuwa mwaka uliofuata zile fujo zilizowakimbiza wageni, hoteli za Diani nyingi zimefunga milango, na wahudumu wanauza ndizi. Akaja jamaa wa Nairobi mwenye simu ya upepo kiunoni, akasema kampuni ya ng'ambo inatafuta watu wa kufa. Hakusema kuigiza. Mia tano kwa siku, chakula juu yao.

Nikamwuliza kama mia tano ni ya siku au ya kifo, kwa sababu siku ni ndefu na mtu anaweza kufa zaidi ya mara moja. Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Tulivutana tangu chai mpaka adhuhuri. Mwisho tukakubaliana: kufa mchangani mia tano, kufa kwenye matope ya mikoko mia saba, maana tope lina gharama yake ya sabuni.

Tulikuwa watu kumi na wanane. Tulivalishwa ngozi za ng'ombe, na kichwani manyoya ya ndege ambaye hata wavuvi wa Kinondo hawakumtambua, tukapewa bunduki. Tulikuwa jeshi la mfalme wa msituni. Kabila letu halikutajwa, nami sikuuliza, nikiogopa wataniambia.

Upande wangu wa kushoto alisimama rafiki yangu, mtu wa bara, Mkristo, mhudumu wa hoteli iliyofungwa. Wakati wa fujo, watu wa kwetu walipokuwa wakiwafukuza watu wa kwao, alijificha siku mbili katika chumba cha kufulia cha hoteli, chini ya mashuka machafu. Nilimpelekea mkate mara moja. Nimehesabu mara mbili, na bado ni mara moja.

Basi baruti ya bandia ilipolia kwa mara ya kwanza, kabla ya kuamriwa, alianguka kifudifudi na kukumbatia mchanga kwa mikono yote miwili. Mwongozaji akafurahi sana. Akasema, kwa kinywa cha yule jamaa wa Nairobi, kwamba sote tufe kama huyo.

"Maze, waambie mimi si kufa nilikuwa nakufa," akaninong'oneza, mchanga mdomoni. "Nilikuwa nakataa."

Tukafa hivyo hivyo, yeye na mimi bega kwa bega, wa bara na wa pwani, kabila moja hatimaye.

Mwaka mmoja baadaye kaseti ikafika Ukunda, nakala ya nakala, watu wote wana rangi ya kijani. Nilihesabu maiti za upande wetu: arobaini na moja. Tulikuwa kumi na wanane, kwa hiyo fanya hesabu mwenyewe. Stelingi alipigwa risasi ya bega na sehemu iliyofuata anaogelea. Mwishoni yakapanda majina, dakika nne nzima, nasi tukakaa tukiyangoja yetu. Yalipita majina ya wawili waliomtengeneza stelingi nywele. Ya waliokufa hayakuwamo.

Nilimkumbuka babu, aliyebeba mizigo katika vita vya Wazungu na kurudi na blanketi moja. Kitabu chetu cha historia shuleni kiliwapa maofisa wa vita vile majina na picha. Kuhusu wapagazi kilisema walikufa wengi. Nilitafuta wengi ni wangapi, sikupata.

Lakini falsafa haikuwa shida yangu. Shida yangu ilikuwa barua ya posa. Miezi miwili nyuma shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, alikuwa ameipeleka Mkongani kwa baba wa binti niliyemtaka. Mzee yule akasikia habari za filamu, akaja mwenyewe Ukunda, akalipa tano zake, akaniona nikifa mchangani na tena kwenye matope. Siku ya tatu shangazi akaniita.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, marehemu."

Akaniambia mzee hajakataa. Anauliza tu kama barua ile imeandikwa na aliye hai. Kijiji kizima kinamwuliza binti yake eda ya ujane itamalizika lini apate kuolewa, na yeye hawezi kumtoa mtoto kwa mtu aliyekichezea kifo kwa pesa mbele ya watu. Jambo lifungwe kwanza, mbele ya watu vilevile.

Shangazi alikwisha kuamua litafungwa vipi: dua ya kuondoa mkosi, na mbuzi. Nikamwambia jogoo anatosha. Akanitazama. Nikapanda hadi majogoo wawili. Dukani najua kuondoka nikijifanya sitaki, ili niitwe nyuma. Kwa binti yule sikuthubutu hata kugeuza shingo.

"Mzungu ulimtoza mara mbili kwa kufa," shangazi akasema taratibu. "Kwa kuishi ndiyo unataka kupunguziwa?"

Nikanunua mbuzi.

Maalim alisumbuka kidogo, hajui asome nini. Khitma haisomwi kwa mtu anayepika chai jikoni. Mwisho akachagua dua ya shukrani na kinga. Watu wakajaa uani, baba wa binti kaketi karibu na mlango, na rafiki yangu wa bara kasimama nje ya uzio na kofia mkononi, hajui kama sufuria inamhusu. Shangazi akamwendea, akamshika mkono na kumketisha jamvini pembeni yangu.

"Huyu naye alikufa," akamwambia maalim, "na hapa hana shangazi. Mtaje."

Maalim akasema, kwa heshima, kwamba kijana si wa dini yetu.

"Alikufa na wetu. Aombewe na wetu."

Maalim akalitaja jina langu na la baba yangu. Akageukia la rafiki yangu na la baba yake, jina la milimani lenye herufi zisizokaa vizuri kinywani mwa mtu wa pwani. Rafiki yangu akamsahihisha mara mbili, kwa adabu, na mara ya tatu likatoka sawasawa. Baba wa binti akasema amina kwa sauti ya kusikika. Kisha tukala.

Posa ikakubaliwa kwa sharti moja, nami nikalitamka mbele ya mashahidi: sitakufa tena kwa malipo. Nimeoa, na nimeshika ahadi.

Sasa wiki iliyopita jamaa wa Nairobi amerudi. Kuna sehemu ya nne. Kufa kumepanda bei, elfu moja. Nikamwambia mimi nimefungwa na ahadi, siwezi kufa. Akasema basi kuna kazi ya walio hai: kutembea nyuma ya stelingi siku tatu na sanduku kichwani, mia tatu kwa siku. Nikamwuliza imekuwaje aliye hai awe rahisi kuliko maiti. Akasema kufa ni ufundi, kubeba kila mtu wa hapa anajua.

Rafiki yangu amekubali kubeba, anasema angalau ataufikia mwisho wa filamu. Mke wangu anasema hakuna ahadi itakayovunjika. Shangazi hakusema kitu ila kwamba mbuzi sasa ni elfu moja na mia sita. Mimi nahesabu na kurudia: siku tatu ni mia tisa, kodi ya nyumba ni mia nane, na babu alirudi na blanketi moja.

Jibu linatakiwa Ijumaa. Wewe uliyefika hapa bila kulipa kiingilio, nishauri: nibebe, au nikae?