Bima ya Baba, Kofia Yangu

Kamashine ka moyo ka baba kalilipiwa na bima ya kampuni yake. Kaliwekwa chini ya ngozi, hapa karibu na bega, nikiwa bado shule. Nilipomaliza, betri ikaanza kuchoka, na baba akawa anashikwa na kizunguzungu kila akiwasha moto wa kuchomelea vyuma.

Tulipomweleza daktari, akashtuka. "Mzee, kumbe wewe ni welda? Ule umeme unachanganya hii kitu. Mbona hukusema?"

"Niliulizwa nafanya kazi wapi," baba akasema. "Nikataja kampuni."

Sasa tukakwama. Bima ingelipia kubadilisha ile mashine yote, lakini tungoje wakubali, na baba awe bado kazini. Akisema hawezi kuchomelea, anafutwa na bima inakatika. Akichomelea, anaweza kuanguka pale pale.

Mimi nilikuwa kibarua wa kufagia kwa kampuni hiyo hiyo, Industrial Area. Kuchomelea nilijifunza kwa kumwangalia tu. Basi tukabadilishana. Mimi nikavaa overoli yake, glavu, na ile kofia ya chuma inayofunika uso wote. Baba akachukua kepi yangu na ufagio, akaenda kufagia mbali, ametupa mgongo.

Shida ni mdomo. Mtaa wetu mzima wa Umoja unajua siwezi kunyamaza, na sauti yangu nyapara wetu aliijua.

Siku moja akaja akasimama kando yangu.

"Mzee, siku hizi hata salamu hakuna. Betri ya ulimi nayo imeisha? Kampuni imekununulia moyo na bado kazi ni polepole."

Vibarua wakacheka. Ndani ya kofia jasho linaingia macho, meno nimeuma. Kule mbali ufagio ukasimama. Nikajua baba amesikia. Nikainua mkono polepole, vile yeye huinua akichoka na mtu, nikawasha moto. Nyapara akafunika macho akaenda zake.

Bima ilikubali. Baba akawekewa mpya, na daktari akatuambia kwa furaha, "Hii itakaa miaka mingi. Mradi tu bima iendelee, uchunguzi wote umelipiwa. Na welding, mzee, sahau."

Mathe, mama yangu, akashukuru Mungu kwa sauti. Baba akaniangalia.

"Hiyo kofia yako ya chuma inabana masikio," nikamwambia. "Jumatatu kabla ya kuanza kuchomelea nitailegeza kamba kidogo."